Kopo la Pili la Rangi ya Chini

Majuzi nilimwita kijana aje kupaka rangi geti la nyumba yetu ya Buswelu. Akafungua kopo, akachungulia ndani, akaniuliza, "Mama, hii imeganda chini. Nikoroge, au nitumie ya juu tu?" Ni swali la kawaida kabisa, la mtu anayeijua kazi yake. Lakini harufu ya rangi ilikuwa imeshanifikia puani, na nikajikuta nimekaa kwenye ngazi ya baraza kama mtu aliyepandwa na presha. Kijana akadhani amenikosea. Nikamwambia akoroge mpaka mkono umkatae, kisha nikaingia ndani nikajifungia chumbani. Watoto wangu wakaambiana kwamba mama anaumwa.

Sikuwa naumwa. Nina jambo nililolibeba tangu nikiwa na miaka kumi, na kwa kuwa wengi mnaosoma hapa ni rika langu, watu mliochota maji ya ziwa kwa ndoo na kufulia nguo juu ya mawe, nadhani mtanielewa upesi. Sitegemei mnionee huruma.

Baba alikuwa na boti ya abiria. Iliitwa Asante Mama, jina limeandikwa kwa njano pande zote mbili, na ilikuwa ikienda visiwani na kurudi na watu, kuku, magodoro na kreti za soda. Ilikuwa boti ya mbao, ndefu, yenye injini ya kupachika nyuma. Chakula chetu, sare zetu za shule na bati la nyumba yetu, vyote vilitoka ndani ya boti ile, kwa hiyo baba aliilea kuliko alivyotulea sisi. Tulikuwa tukimtania mama kwamba ana mke mwenza anayelala majini.

Kila ilipofika zamu yake, boti ilivutwa nchi kavu juu ya magogo, ikalazwa ubavu, na tumbo lake likaonekana. Wageni wa ziwa hutazama rangi za juu, zile nyekundu na bluu na mistari ya mapambo. Wenye boti hutazama chini. Mbao ikikaa majini bila kinga inaota utelezi wa kijani, kisha majani kama ndevu, kisha vikonokono, na mwisho wanakuja wadudu wadogo wanaotoboa mbao na kujenga humo. Boti inakuwa nzito, injini inakunywa mafuta, na siku moja maji yanaingia. Wengine pale mwaloni, ufukweni boti zinakoegeshwa, walichemsha lami na dizeli wakapaka. Wengine walipaka rangi yoyote ya mafuta iliyobaki kwenye ujenzi, wakamwachia Mungu. Baba alitaka ile yenyewe, rangi ya chini, nyekundu ya giza, yenye unga wa shaba ndani yake. Ilikuwa haipatikani kirahisi, na alipoipata alinunua makopo mawili kwa mpigo.

Na hakumruhusu mtu yeyote kuipaka isipokuwa Fundi Magesa.

Fundi Magesa alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alikuwa na tabia ya kupitisha mgongo wa kiganja kwenye mbao kabla ya kuigusa na kifaa chochote, kama mama anayempima mtoto homa. Watoto wengine walifukuzwa mwaloni, mimi hakunifukuza. Alinipa kipande cha bati nikwangue pamoja naye, akanionyesha jinsi pamba inavyosukumwa kwenye nyufa, na kila nilipouliza kitu alisimamisha kazi ndipo anijibu. Aliniita mama. Hakuna mtu mzima mwingine aliyekuwa akisimamisha kazi yake kwa ajili ya swali langu, hata baba.

"Kuna rangi ya kupendeza na kuna rangi ya kuuma," aliniambia. "Hii inauma. Kijidudu kikija kukaa, shaba inakiuma, kinaondoka."

"Na samaki?"

"Samaki hakai, mama. Anapita zake."

Sasa lazima niwaeleze habari ya ndoo ya nyumbani, maana kosa langu lilianzia huko. Maji yetu yalitoka ziwani. Tuliyachota asubuhi, mama akayatia shabu, akayafunika, na kuanzia hapo ndoo ile ilipata heshima kuliko mgeni. Hakuna kuigusa, hakuna kuisogeza. Tope likishazama, unachota juu juu kwa kikombe, taratibu, na ukikaribia chini unaacha, yaliyobaki unakwenda kuyamwaga kwenye migomba. Mtoto aliyezamisha kikombe mpaka chini alipata "usitibue" na kofi la mgongoni kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Mama aliwaambia majirani kwamba Leti anachota maji kama mtu mzima, na sifa ile ilinivimbisha kichwa.

Siku ya kupaka, Fundi Magesa alilikoroga kopo la kwanza mwenyewe, akapaka upande wa kushoto. Ulitoka mwekundu wa giza, mzito, kama ini. Kopo la pili lilikuwa limekaa stoo miezi mingi. Alikuwa ndiyo kwanza amelifungua kwa bisibisi alipokuja mtu kumwambia kwamba mazishi ya jirani yake yamewahishwa, anahitajika kwenda kuchimba kaburi. Boti iliyopakwa upande mmoja haisubiri. Rangi ile ikikaa juani siku nyingi bila kushushwa majini inapoteza nguvu, na baba alikuwa amewaahidi abiria safari ya keshokutwa. Fundi akanipa mwiko wa zamani.

"Shaba ni nzito, imelala chini yote," alisema. "Koroga kama unasonga ugali wa watu ishirini, usikoroge kama chai. Mpaka mwiko usikutane na kitu kigumu. Nikirudi tunapaka."

Alinieleza, mnaona. Sina pa kujificha kwenye hilo. Ila nilipobaki peke yangu na mwiko ukagota chini, nikauvuta, ukatoka na kitu kizito cha kunata, mimi sikuona shaba. Niliona tope. Juu kulikuwa na rangi nyekundu laini inayong'aa, chini kulikuwa na tope, na mikono yangu ya miaka kumi ilikuwa inauma kwa sababu nilikuwa nimeshakoroga kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Nikawaza kwamba Fundi Magesa ni mwanamume, wanaume hawajui mambo ya ndoo. Anataka nitibue uchafu aupake kwenye boti ya baba. Nilijiona nina akili kuliko yeye.

Nikalitafuta kopo safi. Nikaimimina rangi ya juu taratibu, kwa ustadi wote niliosifiwa, bila kutibua hata kidogo. Lile tope nikalikwangua kwa mwiko, likatoka zito, karibu bakuli zima, nikalimwaga nyuma ya jiwe kubwa lililokuwa karibu na bomba bovu, nikalifukia kwa mchanga. Kisha nikarudi kukaa, nikawa nakoroga ile rangi nyepesi bila shida yoyote, huku nikiimba.

Fundi alirudi jua limeanza kulegea, viatu vimejaa udongo wa makaburini. "Umekoroga mpaka chini?"

"Ndiyo."

"Hakuna kigumu?"

"Hakuna."

Kweli hakikuwemo. Mtoto anaweza kuwa mjanja kuliko wakili. Lakini alipouliza hivyo nilijua kwamba angekuta kopo lina tope asingelimwaga. Nilijua, na nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa ameshaniambia "safi sana, mama," na sikutaka kuyarudisha maneno hayo.

Akapaka upande wa kulia. Alipofika katikati akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa. "Mbona huku kama kumepauka?" Akatazama angani, akaitazama brashi, akanitazama mimi. Halafu akajijibu mwenyewe, bila uhakika, "Labda ni jua."

Nami nikadakia, "Ni jua."

Katika yote niliyoyafanya siku ile, neno hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Kumwaga kulikuwa ujinga. Hapa alikuwa ameona, kabisa, kwa macho yake mwenyewe, na mimi nikamwambia kwamba hajaona.

Asante Mama ilishushwa majini, ikapendeza, ikaenda na kurudi. Miezi ikapita. Kwanza baba akalalamika kwamba usukani unavutia upande mmoja. Kisha akalalamika kuhusu mafuta. Halafu siku moja, wakiwa wanakaribia kurudi, maji yakaanza kuingia chini ya magodoro ya watu. Abiria walichota kwa makopo na sufuria mpaka wakagusa mchanga. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu kwa hilo kila nikikumbuka, lakini mama mmoja alishuka amembeba mtoto mabegani, amelowa mpaka kiunoni, na hakuacha kutetemeka hata aliposimama nchi kavu.

Wakaivuta juu ya magogo. Upande wa kushoto ulikuwa safi, unaukwangua unapata utelezi kidogo tu. Upande wa kulia ulikuwa na ndevu za kijani, vikonokono vimeshikana, na chini yake mbao imetobolewa matundu membamba, mengi, yaliyopangana. Boti moja, tumbo moja, pande mbili zisizofanana. Hata mtu asiyejua lolote angesema kwamba hizi ni rangi mbili tofauti.

Baba alimwita Fundi Magesa mbele ya watu. Pale mwaloni jambo la chombo halisemwi chumbani. Linasemwa kwenye chombo, kila mwenye abiria au nyavu asikie. "Kopo langu la pili umelipeleka wapi?" alimuuliza. "Huku umepaka nini? Umeiuza rangi yangu, ukapaka takataka, watu nusura wafe."

"Baba Leti, makopo yote mawili yameisha hapa hapa, kwenye boti yako. Sikuchukua hata brashi."

"Basi niambie hii ni nini."

Fundi akapitisha mgongo wa kiganja kwenye yale matundu. "Sijui," akasema. "La pili alilikoroga mtoto, nilimwelekeza. Muulize kama alikoroga."

Baba akanigeukia, na watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwenye lile jiwe kubwa. Ningenyoosha tu kidole, wangefukua kwa mguu, wangeona. "Leti. Ulikoroga?"

"Nilikoroga."

Fundi Magesa hakuniapiza wala kunikazia macho. Alichukua mfuko wake wa vifaa, akamwambia baba, "Pole kwa chombo," akaondoka. Nilidhani watu wazima hugombana kama sisi watoto, kwamba jioni wanapata chakula, wanalala, na kesho wanasalimiana. Nilikaa siku nyingi nikisubiri wasalimiane.

Hakuna aliyempa boti tena. Mwaloni pale, fundi anaishi kwa jina lake, na lake lilikuwa limeshabadilishwa. Wakaanza kumwita Fundi Upande Mmoja. Watoto wakalitungia wimbo, wakawa wanauimba akipita kwenda sokoni, upande mmoja, upande mmoja, na kupiga makofi. Nitasema na hili, kwa kuwa nimeamua kusema. Siku moja nilikuwa katikati yao, na niliitikia. Niliogopa kwamba nisipoitikia watauliza kwa nini. Akanitazama, akatabasamu kidogo kama mtu anayemwona mtoto anayemfahamu, akapita. Baada ya muda yeye na mkewe walifungasha wakahama, na watu wakasema ndiyo dalili ya mwizi.

Mnaweza kujiuliza kwa nini sikusema baadaye. Nimejiuliza zaidi yenu. Mwanzoni niliogopa fimbo ya baba. Nilipokua fimbo ikaisha, nikaogopa sura yake. Kisha nikawa na mitihani, kisha nikaolewa, nikapata watoto, nikahamia Buswelu mbali na maji. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake nzuri. Baba alipougua nikasema si wakati wa kumsumbua, na alipotutoka nikasema sasa kuna faida gani. Boti ilikuwa imeshauzwa kama mbao zamani. Nilijiaminisha kwamba jambo limekwisha, mpaka yule kijana alipochungulia kopo la rangi ya geti.

Wiki ile ile nikampigia simu binamu yangu anayeuza dagaa, mtu anayejua habari za kila mtu kando ya ziwa. Akaniambia Fundi Magesa yu hai, yuko ng'ambo, mbele kidogo ya Busisi, anatengeneza vitanda. Jumamosi nikapita juu ya daraja la Busisi na gari la mume wangu, bila kumwambia mume wangu ninakwenda kufanya nini.

Nilimkuta chini ya kibanda cha bati, amezeeka, anapiga randa ubao. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nilipojitaja akaweka randa chini. "Leti! Binti wa Asante Mama." Alifurahi, hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Akanivutia kiti, akauliza habari za baba, nikamwambia alishatutoka, akasema, "Baba yako alikuwa na haki ya kukasirika. Watu walikuwa ndani."

Nikamuuliza kama huku bado anapaka boti.

"Hapana, mama. Maji niliacha." Alisema polepole, bila kinyongo, kama anayenieleza habari ya shaba. "Ile siku niliona upande wa kulia umepauka. Nikaambiwa ni jua, nikaona sawa, ni jua. Kumbe jicho langu ndilo lilikuwa limeharibika, halijui tena rangi nzito na rangi nyepesi. Nimelifikiria sana. Fundi asiyeona rangi ni hatari kwa watu. Kitanda kikivunjika mtu anaanguka sakafuni tu."

Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilikuwa tayari kumkuta mtu mwenye hasira, mtu aliyejua kwamba ameonewa. Sikuwa tayari kwa mtu aliyejihukumu mwenyewe kwa jua nililomtungia mimi. Nikasema tu, "Fundi, lile kopo sikulikoroga. Nilimimina ya juu, ya chini nikaimwaga."

Alinitazama. "Uliimwaga wapi?"

"Nyuma ya lile jiwe, karibu na bomba."

"Kiasi gani?"

"Kama bakuli."

"Ilikuwaje?"

"Nzito. Nyekundu ya giza, inanata."

"Shaba," akasema. Mkono wake ulikuwa juu ya ubao, haufanyi kitu. "Kwa hiyo ilipauka kweli. Niliona sawasawa."

"Uliona sawasawa, Fundi. Nisamehe."

Hakujibu habari ya kusamehe. Aligeuka upande wa nyumba akaita, "Mama Kulwa, njoo usikie." Mkewe akatoka na mikono yenye unga, akasimama kwenye mlango wa kibanda. Fundi akaniambia, "Sema tena. Anzia kwenye kopo."

Nikasema tena. Nilisema habari ya ndoo ya mama, nikasema ya mwiko, nikasema ya jiwe, nikasema "ni jua", nikasema "nilikoroga" mbele ya watu, nikasema hata wimbo. Mama Kulwa alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akijifuta unga kidole kimoja kimoja kwa pindo la kitenge.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akaniuliza.

"Kumi, mama."

"Na sasa?"

"Thelathini na sita."

Akatikisa kichwa polepole. "Ile ya miaka kumi naielewa, ulikuwa mtoto," akasema. "Na hii mingine yote?"

Nilimtazama Fundi Magesa ili anisaidie, kama nilivyozoea zamani nikiulizwa kitu nisichokijua. Alikuwa amenielekezea uso kwa utulivu, kazi yake ameisimamisha, na yeye pia anasubiri jibu.